Fomu ya ridhaa: mwambie aifunike akueleze

Kama mna utafiti wa afya na wanajamii wako kwenye timu, msiwape fomu ya ridhaa (ile mtu anasaini kukubali kushiriki utafiti) wasome halafu muulize "mmeelewa?", kila mtu atasema ndiyo. Mwambie mmoja aifunike aieleze kwa maneno yake kama anampa jirani habari, pale anapokwama ndo pa kuandika upya. Sisi tuliandika "mililita 5 za damu", mama mmoja akauliza hizo chupa ngapi, kijiko cha chai kikamaliza kazi maana ndo hizohizo 5. Ila fanyeni kabla haijaenda kamati ya maadili, ikishapita kila mkibadilisha mnarudi kuomba kibali. Na daktari bosi asikae hapo, watu wanaufyata.