Gonga meza kabla ya kununua pleya ya santuri

Wenzangu wa Tanga mliorithi santuri za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star na sasa mnatafuta pleya ya kwanza: mkiijaribu, tueni sindano juu ya santuri isiyozunguka, ongezeni sauti kiasi, kisha gongeni meza kwa kidole. Spika zikirudisha kishindo kizito kinachovuma, iacheni. Sindano haichagui, kila kinachoitikisa inakisoma kama muziki, hata mtikisiko wa spika zenyewe, na besi inageuka mngurumo. Ndiyo maana pleya za sanduku zenye spika ndani sizipendekezi hata kidogo. Chukueni yenye spika za pembeni, mziweke mbali na meza ya pleya. Kipimo hiki hakigundui sindano iliyolika; na mvumo usiokoma, hata bila kugonga, mara nyingi ni waya wa ethi (wa ardhini) haujafungwa.