Upeo bandia, FLARM na kanuni za usawa: namna ya kuiandaa glaida yako kwa shindano la kwanza

Kijana mmoja wa Nakuru anayesoma Ujerumani alinipigia simu wiki iliyopita. Anajiandaa kwa shindano lake la kwanza la glaida, yaani ndege isiyotegemea injini, na waandaaji wamemtumia orodha ya vifaa vinavyotakiwa kuzimwa. "Dada, nikizima vyote hivi nitabaki salama kweli?" Nililiuliza swali hilohilo miaka sita iliyopita, nikajibiwa kwa maneno mawili tu. Yeye nimempa jibu refu, nami naliandika hapa kwa Waswahili wengine walioingia kwenye mchezo huu. Narusha LS4, glaida ya kiti kimoja ya klabu, huku Hessen, Ujerumani, karibu na Wasserkuppe, mlima ambao mashindano ya glaida ya Rhön yalianzia mwaka 1920.

Anza na karatasi. Mashindano ya dunia na ya mabara yanafuata Kiambatisho A cha Sehemu ya 3 ya kanuni za michezo za FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, na kila shindano huongeza taratibu zake. Zichape zote, chukua kalamu, pigia mstari kila sentensi inayotaja kifaa. Usitegemee alichokuambia rubani mwenzako, kwa sababu cha mwaka jana huenda kimebadilika. Penye utata, uliza kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza cha asubuhi.

Ukishapiga mistari utaona kwamba vifaa vinavyobishaniwa ni vya aina mbili, na havilingani hata kidogo.

Cha kwanza ni upeo bandia, kile kinachokuonyesha mabawa yamelala vipi hata kama huioni ardhi. Kanuni za FAI zinakataza kubeba chombo chochote kinachomwezesha rubani kuruka bila kuiona ardhi. Ndiyo maana hata dira ya Bohli, ambayo haina umeme wala jairo (gurudumu linalozunguka kasi ndani ya chombo), iliingia kwenye marufuku: mtu aliyeizoea angeweza kuzunguka nayo ndani ya wingu. Sababu ni kwamba ndani ya wingu la kumulasi hewa huendelea kupanda, mara nyingi kwa nguvu zaidi kuliko chini yake. Anayethubutu kuingia atatoka akiwa juu ya wenzake kwa mamia ya mita.

Wapo wanaosema marufuku hii inaua, kwamba rubani aliyemezwa na wingu kwa bahati mbaya amenyang'anywa kitu pekee ambacho kingemwokoa. Hoja hiyo naiheshimu, lakini sikubaliani nayo. Katika shindano hauko peke yako. Glaida ishirini zinaweza kuwa zinazunguka kwenye mkondo mmoja wa hewa inayopanda, moja juu ya nyingine. Mmoja akiingia winguni akiwa na upeo bandia, kesho yake watano watamfuata, na hakuna atakayemwona mwenzake. Kifaa hicho kinamsaidia mwenye nacho na kuwaweka hatarini walio karibu naye.

Kwa hiyo kiondoe kwa moyo mweupe. Kama kimejitegemea kwenye dashibodi, fungua skrubu, kitoe, kiache kwenye trela, kisha ziba tundu. Kama kimo ndani ya kompyuta ya safari, ingia kwenye mipangilio ukifunge kwa siku zote za shindano. Baadhi ya kompyuta huandika kwenye faili la safari kwamba kilikuwa kimefungwa, na hilo ni ushahidi wako. Piga picha ya skrini. Usisahau simu yako: programu nyingi za urambazaji zina ukurasa wa upeo bandia, na wakaguzi wanalijua hilo.

Ukishakiondoa, jaza pengo lake kwa mazoea. Acha kuzunguka ukiwa bado na nafasi ya kutosha chini ya wingu. Ukiona kingo za upeo wa macho zinaanza kuwa na ukungu, umeshachelewa: nyoosha mabawa, fungua breki za hewa, toka kuelekea kwenye mwanga. Na mwombe mwalimu wako mjaribu, hewa ikiwa safi na mko juu sana, jinsi glaida yako inavyojiendesha breki zikiwa wazi na mikono ikiwa imeachia usukani. Aina nyingine hutulia na kushuka kwa mzunguko mpole, nyingine hazitulii. Ni bora ulijue hilo mapema.

Cha pili ni FLARM, kifaa cha kuonya glaida zisigongane, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini.

Kifaa hiki kilianza Uswisi mwaka 2004. Kinajua mahali ulipo kwa GPS, kinakadiria utakapokuwa sekunde chache zijazo, kinatangaza makadirio hayo kwa redio, na kinapokea ya wengine. Njia mbili zikikaribia kukutana, kinalia. Lakini kwa kuwa kinapokea habari za glaida zilizo mbali, skrini inaweza pia kukuonyesha nani yuko kilomita tano mbele yako na anapanda kwa kasi gani. Hapo mvivu anapata njia: hatafuti mkondo, anasubiri wenye bidii waupate. Wanaolalamika kwamba huo si usawa wana haki.

Dawa iliyotengenezwa ni hali ya kujificha. Fungua faili la mipangilio kwenye kadi ya kumbukumbu, utafute mstari wenye neno PRIV: 0 ni wazi, 1 ni kujificha. Ukiweka 1, walio mbali hawataziona habari zako, na wewe pia habari zao zitapunguzwa. Maonyo ya kugongana yanabaki. Usiuchanganye na mstari wa NOTRACK, ambao unaomba vituo vya ardhini visikuonyeshe kwa umma. Taratibu zikidai kujificha, weka 1. Zisipodai, mimi naacha 0, kwa sababu kumjua mwenzako mapema kunanipa muda wa kumtafuta kwa macho, na onyo lenyewe huja zikiwa zimebaki sekunde zisizofika ishirini. Namba ya utambulisho usiibadilishe iwe ya kubahatisha ila kanuni ikitaka; ukipotea, wanaokutafuta huanza na namba hiyo.

Ningependa usawa utafutwe mahali pengine. Mashindano makubwa huchelewesha ramani ya moja kwa moja inayotazamwa na walio ardhini, ili nahodha wa timu asiwapigie marubani wake redio na kuwaambia mkondo uko wapi. Januari 2020, kwenye mashindano ya dunia ya wanawake huko Lake Keepit, Australia, timu ya wenyeji ilikatwa pointi kwa kutumia data ambayo haijacheleweshwa. Kanuni ya namna hiyo inamzuia mdanganyifu bila kumfumba macho mtu yeyote aliye angani.

Sasa, kosa kubwa kuliko PRIV ni antena. Msimu wangu wa pili nilikuwa nimefunga kishikio cha simu mbele yake. Tulipotua, mwenzangu akaniambia kwamba kifaa chake hakikuniona mpaka nilipokuwa karibu kabisa, ubavuni kwake. Nilitetemeka usiku ule. Tovuti ya FLARM ina chombo cha bure: unapakia faili za safari zako, kinakuchorea umbali ambao wengine wanasikika kila upande. Mchoro wangu ulikuwa umeliwa upande wa mbele kulia. Niliondoa kishikio, nikasogeza antena juu ya dashibodi na kuisimamisha wima, na mchoro uliofuata ukawa karibu duara kamili. LS4 ni ya nyuzi za kioo, mawimbi hupita. Kama yako ni ya kaboni, antena iliyofichwa puani haitakusaidia kitu.

Sasisha programu ya kifaa angalau mara moja kwa mwaka, ili kiendelee kuelewana na vya wenzako. Fanya hivyo wiki mbili kabla, kisha ruka nacho walau mara moja. Usifanye kamwe kwenye mstari wa kuondokea.

Siku ya kwanza, funga kifuniko cha kioo, washa kila kitu, usikilize kama mlio wa FLARM unasikika juu ya redio na variometa, kile chombo kinacholia kukuambia unapanda au unashuka. Punguza sauti ya variometa, si ya FLARM. Halafu panga skrini ionyeshe maonyo tu. Macho yako ni ya nje, hasa mkiwa wengi kwenye mkondo, kwani hapo kifaa hulia mara kwa mara na ukikitazama kila kinapolia hutamwona aliye chini ya bawa lako.

Kijana wa Nakuru anafika Ijumaa jioni na faili zake tatu za safari. Tutachora mchoro wake kwanza, kisha ndipo tufungue ile orodha ya waandaaji.