Somo: Injini ya boti inachemka? Yafuate maji toka baharini hadi kwenye ekzosi

Habari za kazi wakuu. Wiki hii vijana watatu wameniuliza jambo lile lile: geji ya joto inapanda, impela (kigurudumu cha mabawa ndani ya pampu ya maji ya bahari) imebadilishwa, na bado injini inachemka. Leo tulimalize. Nazungumzia dizeli za ndani ya boti. Hizi za kutundika nyuma zina mambo yake, tutaziwekea somo lao.

Mizunguko ni miwili. Ndani ya injini mna maji matamu, yanazunguka humo humo bila kutoka. Maji ya bahari hayaingii huko. Yanavutwa na pampu, yanapita kwenye kula (ya kupozea, si kula ugali), yanabeba joto la yale matamu, halafu yanamwagwa nje pamoja na moshi. Geji ikipanda, anza kuushuku upande wa bahari. Silinda hedi iache kwanza.

Hatua ya 1. Punguza moto, gia weka fri, chungulia nyuma. Ekzosi inatema maji? Kama inatoa moshi mkavu mtupu, zima, tia nanga, subiri. Kifuniko cha maji matamu usikiguse kikiwa cha moto, mvuke wake unababua uso. Wala usiimwagie injini maji baridi ukidhani unaisaidia, chuma kitapasuka.

Hatua ya 2. Funga vali ya bahari, ile ya kwenye tumbo la boti, kisha fungua kichujio. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku toka Juni 2019, ila kwa maji ya hapa Dar, kuanzia Feri mpaka Kurasini, habari hizo hazijafika. Utakuta vipande vya nailoni, mwani, pengine na dagaa mzima. Kichujio kikiwa safi na maji hayaji, chomoa hosi inayotoka kwenye vali, kisha fungua vali kidogo. Maji yabubujike kwa nguvu. Yakichuruzika tu, kuna kitu kimeziba kwa nje. Funga, mtu azamie. Ukirudisha kichujio, kijaze maji kwanza na uitazame gasketi ya kifuniko. Ikivujisha hewa, pampu itavuta hewa badala ya maji.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Impela ni ya mpira, na maji inayoyasukuma ndiyo yanayoilainisha. Ikizunguka kavu, mabawa yanaungua na kukatika ndani ya muda mfupi sana. Fungua bolti za kifuniko cha pampu, angalia mabawa yamelalia upande gani, itoe taratibu. Sasa hesabu mabawa. Yaliyokatika yameenda wapi?

Niliwahi kuitwa kwenye boti moja ya mizigo, impela yake imebadilishwa mara mbili ndani ya mwezi. Nikafungua kifuniko cha mwisho cha kula, upande maji yanakoingilia. Vipande vinne vya mpira mweusi vimekaa juu ya midomo ya mirija, vinang'aa kama mbegu za stafeli. Impela mpya ilikuwa inasukuma maji kwenye njia iliyozibwa na mabaki ya ile ya zamani. Kwa hiyo vipande visipotimia, fuata hosi mpaka kwenye kula, uvitoe vyote.

Impela mpya ipake sabuni ya maji au gliserini. Grisi hapana, mafuta yanaharibu mpira. Iingize huku ukiizungusha kwa mwelekeo wa pampu.

Hatua ya 4. Ukiwa kwenye kula, toa na zinki (kipande cha madini kinachowekwa kiliwe na maji ya chumvi badala ya kula yenyewe). Ikiwa imeliwa nusu, weka nyingine.

Hatua ya 5. Fungua vali (usicheke, watu wanasahau), washa, hakikisha ekzosi inatema, pitisha tochi kwenye kila kiungo. Maji yasiongezeke kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika).

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kunduchi: Fundi, ya kwangu inachemka miezi ya kaskazi tu, tena nikiikamua. Kusi iko sawa.
Jibu: Kula imeanza kuziba, mkuu. Wakati wa kaskazi maji yetu yanakaribia nyuzi 30, wakati wa kusi yanashuka hadi 25 hivi, kwa hiyo ubaridi wa kusi unakufichia ugonjwa. Na maji ya bahari yakitoka kwenye kula yamezidi nyuzi 50 hivi, chumvi inaganda kwenye mirija na hali inazidi. Isafishe. Tazama pia mkanda wa pampu na vikome kwenye propela.

Mwanafunzi, Chuo cha Bahari: Shikamoo mwalimu. Meli kubwa nazo ni hivyo hivyo?
Jibu: Marahaba. Njia ni ile ile, ila pampu zake si za impela ya mpira. Na zina milango miwili ya kuvutia maji. Kwenye maji mafupi na bandarini tunatumia wa juu ili tusivute tope na mchanga. Bahari kuu tunahamia wa chini, maana meli ikiyumba ule wa juu unaweza kuvuta hewa.

Mdau wa Kigamboni: Fundi wangu kaitoa themostati, anasema nchi yetu ya joto haihitaji.
Jibu: Hiyo ndiyo dawa ya mafundi wa mtaa wa Gerezani kwa kila kitu! Bila themostati (vali inayojifungua yenyewe maji ya ndani ya injini yakipata moto) injini inafanya kazi ikiwa baridi, mafuta hayaungui vizuri, na oili inachakaa mapema. Kuna injini ambazo themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji yanapita mkato bila kufika kwenye kula, na inachemka zaidi. Ipime kabla ya kuihukumu. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, uwe na kipimajoto. Imechapwa namba, mathalani 82. Joto likifika hapo inaanza kufunguka, likipanda kidogo inaachama kabisa. Maji yakichemka na bado imefumba kama chaza, itupe, nunua nyingine. Na sufuria uioshe kabla mwenye jiko hajarudi.