Mlango wa kisiwa ni mwalo: kulima Ssese bila kuchosha ardhi wala ziwa

Simama Luku, mwalo (gati) wa Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese katika Ziwa Viktoria nchini Uganda, feri inapoingia kutoka Bukakata, bara, utazame kinachoshuka. Unga, mabati, magodoro, kreti za soda. Na mara moja moja, miguuni pa abiria, gunia la machipukizi ya migomba aliyopewa na shemeji yake huko Masaka. Gunia hilo hunitia wasiwasi kuliko mzigo mwingine wowote. Mkulima wa kisiwani ana bahati ambayo wa bara hana: maji yamemzunguka, na magonjwa mengi ya mimea hayaogelei. Yakifika, ujue kuna aliyeyabeba.

Mnyauko wa migomba, ule ambao Waganda huuita kiwotoka, uliripotiwa Uganda mwaka 2001. Huenezwa na machipukizi yenye ugonjwa, mapanga, na wadudu wanaotembelea ua dume. Wadudu huwezi kuwafungia mlango, lakini machipukizi na mapanga yako mikononi mwako. Chukua machipukizi hapa hapa kisiwani, kwenye shamba unalolifahamu, ambalo ndizi zake haziivi kabla ya wakati na mgomba ukikatwa hautoi usaha wa njano. Chana ya mwisho ikishatokea, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga la kibarua anayezunguka mashamba matano kwa siku lipitishwe motoni kabla hajaingia kwako, na tena kila akimaliza kukata mgomba unaoumwa. Zamani sisi washauri wa kilimo tuliwaambia watu wang'oe shina zima na watoto wake. Wengi walichoka wakaacha, na sikuwalaumu. Siku hizi tunasema: kata ule mgomba mmoja ulioonyesha dalili, usawa wa ardhi, mapema, kisha rudi kila wiki kuangalia wenzake.

Sasa udongo. Sehemu nyingi za Bugala na visiwa jirani udongo una mchanga, na mvua inaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Shamba lililopaliwa likabaki jeupe hupoteza rutuba haraka kwa mvua kubwa. Tandaza majani makavu ya migomba na mabua, unene wa kiganja, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Penye mteremko chimba makinga maji yanayokatiza mteremko, na juu ya tuta panda matete au kaliandra. Mbuzi atakula, na kaliandra itarudisha naitrojeni ardhini. Kwenye shamba darasa tunakata chupa mbili za plastiki kwa ubavu, tunajaza udongo ule ule, moja tunaifunika kwa majani, tunaweka kikombe mdomoni mwa kila chupa, kisha tunazimwagia maji sawa. Kikombe kimoja hupokea maji karibu safi, kingine hupokea chai ya maziwa. Hakuna maelezo yangu yanayoshinda vikombe hivyo.

Chai hiyo huishia ziwani, pamoja na mbolea na dawa ya magugu uliyopuliza jana. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria uachwe bila kulimwa. Najua mwenye ekari inayoishia majini atanitazama kwa jicho baya. Lakini kina kifupi penye mafunjo ndipo samaki aina ya ngege huzaliana, na familia inayolima juu ndiyo hiyo hiyo inayochota maji na kuvua chini. Acha mafunjo na miti irudi. Humo bado unaweza kuokota kuni zilizoanguka na kutundika mizinga ya nyuki.

Magugumaji nayo watu huyavuta ufukweni kutengeneza mboji. Si wazo baya: yaanike kwanza, yachanganye na samadi, geuza lundo mpaka liive kabisa. Ila lundo liwe mbali na ufuko, na usiyahamishe kwa mtumbwi kwenda ghuba nyingine, maana mbegu zake hukaa miaka mingi zikisubiri maji.

Nikizungumza juu ya nzohe, swala wa kwenye vinamasi, na kasuku wa kijivu kwenye mikutano, nusu ya watu husinzia. Nikitaja kilo za kahawa, wote huamka. Basi niseme kwa kahawa. Robusta haijichavushi yenyewe, tofauti na arabika. Ua linahitaji chavua ya mti wa ukoo mwingine, na chavua hiyo hubebwa na upepo na nyuki. Ukifyeka kipande cha mwisho cha msitu kando ya shamba, umewafukuza nyuki wako mwenyewe. Ukipulizia dawa siku kahawa imechanua nyeupe baada ya mvua, umewaua. Na ukijaza shamba miche ya ukoo mmoja kwa sababu jirani aliusifu, utapata maua mengi na punje chache.

Kwa kivuli, miti ya mutuba na mugavu inatosha. Mutuba hupandwa kwa kukata tawi nene na kulichomeka ardhini, majani yake hulisha mbuzi, na gome lake ndilo hutengenezwa lubugo, kitambaa cha gome la mti. Usiutoe shambani ili kupata mistari miwili zaidi ya kahawa.

Mzigo mmoja ningefurahi kuuona ukishuka Luku: miche ya KR, aina ya robusta inayostahimili mnyauko wa kahawa, kutoka kitalu kilichosajiliwa, ya koo tatu au nne zilizochanganywa, kila ukoo na alama yake. Usiipeleke shambani siku hiyo hiyo. Iweke kivulini mbali na kahawa ya zamani kwa wiki mbili, mwagilia, geuza majani utafute wadudu, na mche wowote unaonyauka uuchome moto hapo hapo pamoja na udongo wa kifuko chake.