Kabla hujalipia gauni, lipindue

Nina miaka kumi na tisa kwenye cherehani, minne ya mwanzo katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje. Huko nilishona mfuko wa kushoto wa suruali tu, kutwa kucha, na aliyekwenda chooni mara mbili aliandikwa jina. Kwa hiyo mteja akiniuliza kama mitindo inaweza kuwa ya haki kabisa kwa washonaji, namwambia anipe nguo yake niipindue.

Anzia mshono wa ubavuni. Kama umeachiwa akiba ya kitambaa ya sentimita moja na zaidi, siku ukinenepa fundi atakufungulia. Kama overloki, mashine ya kukata na kufunga kingo za kitambaa, imekata hadi kwenye mshono wenyewe, hapo kitambaa kimebaniwa. Shika pande mbili uvute taratibu: nyuzi zikichungulia kama meno ya kitana, irudishe. Chomoa na uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu.

Halafu piga hesabu ya bei, na hapa nakuomba usiharakishe. Gauni lenye bitana na zipu linakula siku yangu nzima. Kiwandani wanagawana vipande, wanawahi zaidi. Hata hivyo, ukilikuta jipya kwa elfu kumi na tano, toa kitambaa, zipu, meli, ushuru, kodi ya fremu na faida ya muuzaji. Mwenzangu aliyeshona amebakiwa na nini? Na si ujira tu: Aprili 24, 2013 jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza kule Savar, Bangladesh, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini ikafunga, washonaji wakaamriwa kurudi kwenye mashine.

Mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, nayo haimlipi aliyeshona hata senti, ila haimwongezei mzigo mpya. Mimi hununua.

Ukienda kwa fundi wa mtaani, usimpe kitambaa Ijumaa jioni ukataka gauni la harusi Jumamosi asubuhi. Atakesha mwanafunzi wake. Muulize huyo binti analipwaje. Hata mimi niulize. Anayenifungia vifungo na kupiga pindo namlipa kila Jumamosi kwa kipande, na bei ya kila kipande nimeibandika ukutani, pembeni ya kioo.