Futa mahali ulipo kabla ya kutuma picha

Ukipiga picha ya sofa unayouza ukiwa nyumbani Kondele, Kisumu, simu huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya simu na, kama umeiruhusu, latitudo na longitudo, yaani namba za digrii zinazoonyesha mahali picha ilipopigwa. Kisumu iko karibu na ikweta, ambapo digrii moja ni takriban kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu ya nne baada ya nukta katika namba hizo ni mita 11 hivi: mnunuzi usiyemjua anafikishwa karibu na mlango wako.

Anza na kamera yenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio ya kamera uzime alama ya mahali. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio ya faragha, kisha huduma za mahali, chagua kamera, uikataze kabisa. Hatua hii hailindi picha za zamani, na hapo ndipo wengi hukwama.

Za zamani zisafishe kwenye kompyuta ya Windows: bofya picha kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, kisha maelezo, uchague kuondoa taarifa binafsi. Tengeneza nakala iliyosafishwa, ubaki na ya asili.

WhatsApp huondoa mahali ukituma kama picha ya kawaida. Ukiituma kama hati ili isipoteze ubora, kila kitu husafiri nayo. Kwa baruapepe pia kila kitu husafiri nayo.

Tena, angalia picha yenyewe: namba ya geti au sare ya shule ya mtoto haifutwi na programu hizi.