Kupima Sumu ya Dawa za Miti kwa Kamba Wadogo wa Maji ya Chumvi

Kabla ya kugusa mizani, muulize mganga anatumia sehemu gani ya mti na anaiandaaje. Huko Mahale, mkoani Kigoma, sokwe mgonjwa huchuna mjonso (Vernonia amygdalina), huacha gome na majani, akatafuna kiini cha tawi changa tu na kunyonya maji yake machungu. Wanakemia walipouchunguza mmea huo waliikuta vernodalini, ambayo ni sumu, kwa wingi katika majani na gome. Ukisaga mmea mzima kwa pamoja, basi, jibu lako halimhusu anayekunywa dawa. Mizizi ikichemshwa kwa maji, pima maji hayohayo, hata kama umeiloweka pia katika spiriti.

Chuja dawa, ikaushe mpaka ibaki masalia makavu, kisha uyapime. Mayai ya kamba wadogo, Artemia salina, huuzwa kwa wafugaji wa vifaranga vya samaki. Yaangue katika maji yenye gramu 38 hivi za chumvi ya bahari kwa lita. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya kutosha, hayafai peke yake. Chumvi ya Uvinza nayo hutoka kwenye chemchemi, si baharini, na ya dukani huwa imetiwa madini joto, kwa hiyo mimi nisingeitumia.

Funika upande mmoja wa chombo. Baada ya saa 24 hadi 48 viluwiluwi, yaani kamba wachanga walioanguliwa, huogelea kuufuata mwanga, ndipo uvinyonye kwa pipeti, kumi kwa kila kichupa, katika viwango vya mikrogramu 10, 100 na 1000 kwa mililita, vichupa vitatu kwa kila kiwango. Dawa isiyoyeyuka majini huyeyushwa kwa DMSO (kimiminika cha kuyeyushia) isiyozidi asilimia 1, na lazima viwepo vichupa vyenye maji ya chumvi na DMSO bila dawa. Viluwiluwi vya humo vikifa kwa wingi, rudia jaribio zima.

Hesabu vilivyokufa baada ya saa 24, ukitumia lenzi: kisichojongea kwa sekunde kadhaa kimekufa. Kisha kokotoa kiwango kinachoua nusu yao. Kwa kipimo cha Meyer na wenzake cha mwaka 1982, kiwango hicho kikiwa chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita, dawa huhesabiwa kuwa na sumu. Kikizidi hapo, usimwambie mtu kwamba dawa ni salama, kwa sababu sumu inayoharibu ini polepole, kama iliyomo katika baadhi ya jamii za marejea (Crotalaria), inaweza kupita jaribio la siku moja bila kuonekana. Hiyo hutafutwa kwa panya, baada ya kupata kibali cha maadili ya utafiti.